Damalie Hafungui Fundo la Mtu

Saa nane mchana Busia husinzia. Malori yamepanga foleni kuelekea Uganda, madereva wamejilaza chini ya trela, vumbi limetua, hata watu wa bodaboda wanaongea kwa sauti ya chini. Saa hiyo ndiyo Damalie huota. Si kwamba amelala, la. Anakaa kwenye stuli yake chini ya mwavuli, mkoba wa pesa mapajani, macho wazi kabisa, na ukimwita haitiki mpaka mara ya tatu. Mimi nauza omena, dagaa wa ziwani, hapo hapo, meza yangu na stuli yake zinagusana, kwa hiyo namjua. Wateja wangu wakiniuliza, "Huyu mama ni mgonjwa?" nawajibu, "Mwacheni, amekwenda Lunyo. Atarudi."

Tunakaa mahali ambapo mtu akipiga chafya Kenya anaambiwa pole Uganda. Mimi ni wa upande wa Kenya, wananiita Mama Edwin. Damalie ni Msamia wa upande wa Uganda, na kazi yake ni kubadilisha pesa: unampa shilingi za Kenya, anakupa za Uganda, ama kinyume chake. Kazi hiyo wanaifanya wengi. Lakini anayo nyingine isiyokuwa na bango, nayo ndiyo iliyompa jina kutoka hapa mpaka Tororo. Damalie analaza pesa za watu.

Nieleze, maana mgeni hawezi kujua. Mtu ameuza mahindi yake, jioni imeingia, anaogopa kusafiri na pesa. Anazifunga kwenye kitambaa chake mwenyewe, anapiga fundo lake mwenyewe, anamkabidhi Damalie. Hamwambii ni ngapi, na Damalie haulizi. Kila mtu ana fundo lake. Wachimba dhahabu wa Tiira wanazungusha mara mbili kisha wanalilowesha likaze. Akina mama wa Osukuru wanaficha ncha ndani. Fundo ndilo risiti. Ukirudi ukalikuta vilevile, umejua hakuna aliyegusa. Vifurushi vinakaa kwenye sanduku la chuma chumbani kwake, na ufunguo unaning'inia shingoni, ndani ya gauni, anakoga nao. Anapewa kitu kidogo cha kulazia, basi.

Siku moja nilimwambia, "Wewe nawe! Pesa zote hizo zimelala bure. Si uzizungushe kidogo, ununue dola asubuhi, uuze jioni, uwarudishie zao?" Aliniangalia utadhani nimemtukana.

"Mama Edwin, ile pesa nalala. Mtu akilala, wewe namtingisha ya nini?"

Ndivyo anavyoongea, Kiswahili chake kina vumbi la Uganda: mimi, wewe, yule, wote kwake ni "na". Nilicheka nikaendelea kupima omena.

Sasa, Lunyo anakokwenda akiota ndiko alikozikwa mama yake. Mama huyo aliachika, akarudi kwa kaka yake, na alipofariki wakamzika pembeni kabisa mwa shamba, kwenye mpaka na jirani, kama wanavyowazika mabinti waliorudi nyumbani. Hakuna saruji. Kulikuwa na tuta la udongo lililoota nyasi, na Damalie alikuwa akienda kulipalilia kila Krismasi. Kaka mtu naye akafa, shamba likabaki kwa mwanawe, Bwire. Na Bwire, Mungu amsamehe maana mimi bado, ni mtu wa kuuza. Aliuza ng'ombe, akauza mabati ya jikoni kwa baba yake, hatimaye akafika kwenye pembe ile yenye kaburi.

Lakini alimpa Damalie nafasi ya kwanza, hilo sitamnyima. Alikuja mpaka hapa mezani kwangu, kofia mkononi. "Dada, pembe ni yako ukileta pesa kabla watu hawajaanza kulima. Ukishindwa, nampa mwenye nazo. Usinilaumu."

Kuanzia siku hiyo ndoto za Damalie zikapata kuta. Alikuwa na akiba yake, ameifunga kitambaa cha kijani, imelala sanduku moja na za wengine, na ilikuwa imekaribia bei. Ilibaki kidogo. Saa nane ikifika ananisimulia huku anaangalia upande wa Tororo, ule mwamba ukielea juu ya joto kama sufuria lililofunikwa. Atajenga ukuta wa kufika magotini. Ataweka vigae vyeupe. "Na benchi moja, Mama Edwin. Mimi na wewe nakaa, nakula ndizi, mama nasikia tukicheka." Sikiliza, mimi si mtu wa ndoto, mimi nanuka samaki. Lakini hata mimi nilianza. Nikaota nimekaa kwenye benchi hilo, na mama yake, ambaye sikuwahi kumwona maishani, ananimenyea ndizi na kuniuliza bei ya omena.

Ndipo akaja Arthur.

Arthur ni mwenzake Damalie wa kanisani, baba wa watoto wawili, anatengeneza simu kwenye kibanda kilicho mkabala nasi. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata wa kumpigia kelele. Alikuwa ameingia kwenye kampuni inayoitwa Tausi, soko la sarafu za mtandaoni, bitikoini na ndugu zake. Unatuma pesa kwa simu, Tausi wanakununulia sarafu, wanakutunzia. Tena ukiziacha kwao zinazaa.

"Zimelala?" nikauliza.

"Zimelala kabisa, Mama Edwin."

"Basi zinazaa na nani?"

Arthur alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nilicheka. Nilikuwa natania tu, sikujua ninachosema. Laiti ningejua, ningesimama juu ya ile meza nikapiga mayowe.

Damalie hakuwa mjinga. Aliuliza maswali, lakini aliuliza yale ambayo yeye mwenyewe huulizwa. "Kila mtu na fundo yake?"

"Kila mtu na akaunti yake, mama, na nywila yake. Yako haiingiliani na ya mtu."

"Na wao wenyewe nafungua?"

"Wafungue ya nini? Wao wanatunza tu."

Na haki ya Mungu, Arthur alimwambia jambo moja zaidi, nilikuwepo. Alisema, "Ukitaka, unaweza kuzitoa kwa Tausi ukazishika mwenyewe. Unapewa maneno ya siri, hayo ndiyo ufunguo. Lakini ukiyapoteza, mama, zimekwenda."

Damalie alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa upuuzi. Akagusa ufunguo wake kifuani. "Mimi nalaza pesa ya watu miaka yote hii, nimewahi kumpa mtu ufunguo? Mwenye kulaza ndiye nashika ufunguo. Ndiyo kazi yake."

Hapo ndipo alipopotelea, na mtu mwingine asingepotelea hapo. Angekuwa na tabia ya kudokoa pesa za wenzake hata kidogo, angeshtuka. Angejiuliza, hawa mbona wanashika pesa zangu na ufunguo wangu, nani anawaangalia? Yeye hakuweza kuwaza hivyo. Aliona neno "kutunza" akadhani ni lile lile lake. Jioni hiyo akakifungua kitambaa cha kijani, na kesho yake Arthur akamsaidia kutuma zote.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu, siwezi kudanganya. Mstari wa kijani kwenye simu ulipanda, ukashuka kidogo, ukapanda tena. Damalie aliiweka simu mapajani juu ya mkoba, akawa anaupapasa ule mstari kwa kidole polepole, kama unavyompapasa mtoto alale. Malori yanapita, vumbi linainuka linatua, yeye yuko Lunyo. Asubuhi za ukungu, mwamba wa Tororo ukiwa haupo kabisa, alikuwa akiniambia, "Hata ule mwamba huuoni, lakini uko. Na pesa yangu ni hivyo." Namba ilifika bei ya pembe. Ikapita. Nikamwambia, "Toa sasa, dada, mpe Bwire yaishe." Akasema ngoja ifike ya vigae. Vigae tu, Mama Edwin.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili, ile ya kunusa udongo, na watu wakaanza kunoa majembe. Jumatatu akabonyeza palipoandikwa toa. Kikatokea kiduara kinazunguka. Alikiangalia asubuhi nzima. Alikuwa mtulivu, ananiambia mtandao mbaya. Mchana kikawa bado kinazunguka, na nilipoinua macho nikamwona Arthur amesimama mlangoni mwa kibanda chake, simu mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

Alivuka barabara akatusomea ujumbe wa Tausi. Utoaji umesitishwa kwa muda. Wateja wawe na subira. Pesa za wateja ziko salama.

Hazikuwa salama, hazikuwepo. Habari zilitoka kidogo kidogo, Arthur akitutafsiria, na yeye ada za watoto zilikuwa humo. Wenye Tausi walikuwa wamechukua sarafu za watu wote wakazikopesha kampuni nyingine, ya kwao wenyewe, na kampuni hiyo ikacheza nazo kamari ya bei ikashindwa. Wale waliokuwa wakitoa mwanzoni walilipwa kwa pesa za waliokuwa wakiingia. Ofisi ilikuwa chumba cha kukodi, na chumba kilikuwa kimefungwa.

Na unajua kilichoniumiza? Namba yake ilikuwa bado ipo. Unafungua simu, jina Damalie, chini yake pesa zake zote, nzuri, na mstari bado unapanda. Aliweza kuziangalia kutwa nzima.

"Wamefungua," alisema. Hakupiga kelele. "Mama Edwin, wale watu wamefungua fundo ya watu."

Mpaka wetu haujui kufunga mdomo. Kufikia Jumatano kila mtu alikuwa anajua kwamba Damalie wa mwavuli ameliwa na simu, na kufikia Alhamisi wakawa wanauliza: ameliwa zake, ama zetu? Wakaja. Yesu wangu, walivyokuja! Akina mama wa Osukuru waliopanda gari alfajiri, wauza mahindi, madalali wa ng'ombe, mzee mmoja mwenye fimbo aliyekuwa amelaza pesa za posa ya mwanawe. Walisimama mstari kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani, na hakuna aliyemtazama usoni. Mimi niliacha omena wangu kwa jirani nikaenda kusimama pale mlangoni, mikono kiunoni, nikiwaambia niliyoyafikiria. Watu ambao amewalazia pesa tangu wakiwa hawana hata viatu vya maana!

Damalie alinikataza. "Wacha, ni pesa yao." Akapiga magoti mbele ya sanduku, akawa anatoa kimoja kimoja. Anamwangalia mtu, anaingiza mkono, anatoa kitambaa chake bila kukosea. Mtu analikagua fundo lake. Liko vile vile. Anasimama kidogo, anaona haya, anasema "Asante mama" kwa sauti ndogo, anaondoka. Hakuna aliyekirudisha kifurushi chake kilazwe. Jua lilipopita kichwani mstari ulikuwa umekwisha na sanduku limebaki na kifurushi kimoja, kitambaa cheusi kizito, fundo la kulowesha. Cha Owori, mchimba dhahabu wa Tiira. Alikuwa shimoni, hajasikia chochote.

Hapo ndipo Bwire akapiga simu. Nilimsikia mwenyewe, spika ilikuwa wazi.

"Dada, kuna mtu wa Tororo, anaitwa Laban. Yuko hapa shambani na pesa mfukoni, anataka kulima. Nimekungojea. Leo jioni ikiingia nampa."

"Bwire, kule ni mama."

"Najua ni shangazi, dada. Lakini mimi nina watoto."

Simu ikakatika. Chumba kilikuwa na joto, mabati yanalia ta, ta, na mwanga wa mlangoni umeangukia ndani ya sanduku juu ya kile kitambaa cheusi. Damalie alikichukua. Alikikalisha viganjani, akawa anakipima uzito, macho yamekwenda. Nilijua yuko wapi. Nilikuwa naliona lile benchi mimi mwenyewe, nakwambia, vigae vinang'aa.

Nikamwambia wazi, na leo ningemwambia tena, sioni aibu. "Chukua. Pembe hiyo utaipata leo na chenji itabaki. Owori harudi mwezi huu. Utabadilisha pesa, mimi nitauza omena, tutazirudisha kabla hajatoka shimoni."

"Hii ya Owori."

"Owori hajui!"

"Mimi najua."

Tulimpigia Owori simu mpaka betri yangu ikafa. Imezimwa, imezimwa. Tulikaa sakafuni tukiangalia mwanga ukihama kutoka sandukuni kwenda ukutani, kisha ukawa mwekundu, kisha ukatoka nje. Akakirudisha kifurushi mahali pake, akafunga, akautia ufunguo ndani ya gauni. Akampigia Bwire akasema maneno mawili tu, "Muuzie, ndugu." Aliyelia ni mimi. Nililia kwa hasira, kwa yule Laban ambaye hata simjui, kwa Tausi na vyumba vyao vya kukodi, na kwa huyu mwanamke mpumbavu ninayempenda.

Owori alitokea wiki iliyofuata, mwekundu wa udongo kutoka kichwani mpaka kwenye ndara. Alilikagua fundo lake, akalifungua kwa meno, akatazama ndani. Arthur ndiye aliyemsimulia yote. Owori akakuna shingo, akasema kwa upole kabisa, "Lakini mama, si ungechukua tu? Ungenilipa polepole. Mimi ningekataa?"

Niliibamiza gorogoro, kopo langu la kupimia, mezani omena wakaruka. Damalie alitabasamu. "Asante, Owori," alisema. Owori akalifunga fundo upya, akalitemea mate likaze, akamrudishia kifurushi. "Kilale." Na baada yake wengine wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kama hawajawahi kuondoka. Sanduku likajaa tena. Alhamisi ile hakuna aliyeitaja.

Mwezi uliofuata Damalie alisikia Laban anatafuta watu wa kulima kwa kibarua. Akaniomba jembe.

"Wewe? Kibarua? Kwenye shamba lile?"

"Twende, Mama Edwin."

Tulikwenda. Tulipofika nilitafuta lile tuta, sikuliona. Bwire alikuwa amelisawazisha kabla ya kuuza, maana nani atanunua shamba lenye kaburi kwa bei nzuri? Laban hakuambiwa chochote. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anatusalimia kila mmoja kwa mkono. Nilifungua mdomo nimwambie, Damalie akanishika kiwiko. "Akijua, atataka wamtoe mama," alininong'oneza. "Wacha alale."

Damalie alijua mahali. Alivua viatu, akachukua mstari wa mpakani, akawaambia wengine ule ni wake. Tulilima. Ukungu ulikuwa mwepesi, udongo laini wa mvua, na vibarua walikuwa wakiimba. Yeye alipofika pale alipunguza, akawa anainua jembe kidogo tu, analishusha taratibu, anavunja mabonge kwa vidole. Nilisikia anaongea chini chini kwa Kisamia. Sisi wote tulimaliza tukakaa kivulini, yeye bado yuko pale amechuchumaa.

Jioni Laban alitulipa. Alipomfikia Damalie alicheka. "Mama, wewe unalima kama mtu anayetandika kitanda. Nimependa. Wakati wa palizi nitakuita. Mstari ule ule?"

"Ule ule. Usimpe mtu mwingine."

"Nikuite nani?"

Damalie akapokea ujira wake, akaufunga kwenye ncha ya leso. "Taaka," alisema.

Niligeuka kumtazama, akanikanyaga kidole. Jina hilo si lake. Ni la mama yake.

Palizi ilipofika tulirudi, mahindi yamefika magotini. Laban alisimama kwenye ile pembe, mikono mdomoni, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde, "Mama Taaka! Mama Taaka yuko wapi?"

"Yuko hapa," Damalie akajibu, akaingia shambani.